Bawa Lililozidi Uzito

4 Februari

Mdogo wangu Randa,

Salamu kutoka kwa dada yako mpiga eksirei, ambaye siku hizi ni rubani. Cheka kabisa umalize, kisha endelea kusoma.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Kwanza, tukipigiana simu dakika ya tatu tunakuwa tumeshagombana. Pili, wewe ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyewahi kushika rimoti ya ndege kabla yangu, na makabati unayotengeneza huko karakanani hayawezi kuwa yamekufuta yote kichwani.

Nina ndege ya kujifunzia. Bawa lake liko juu ya mgongo, na ndani kuna kifaa kinachoinyoosha chenyewe ukiachia mikono. Nimeirusha miezi minane pale uwanja wa klabu, kila Jumamosi, na haijavunjika. Nilijiona bingwa. Wiki iliyopita mwenyekiti wa klabu akanisimamia nyuma akasema, "Mama, hiyo ndege ndiyo inakurusha wewe." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Kwa hiyo nataka ndege ya pili, ile ya kati, si ya mtoto na si ya bingwa. Dukani ziko tatu. Ya kwanza ina bawa juu kama hii yangu, ila haina kifaa cha kuinyoosha. Ya pili ina bawa chini ya tumbo, nene, ya povu gumu, rangi ya machungwa iliyopauka. Ya tatu ni mfano wa ndege ya vita ya zamani, kijani, na kioo cha rubani kinafunguka. Hiyo ya tatu, mdogo wangu, inanikosesha raha.

Nichague ipi? Kwa nini bawa likiwa chini watu wanasema ndege inakuwa korofi? Unajuaje kwamba umeiva? Na wewe mwenyewe, mara ya kwanza kurusha ndege ya pili, ulisikiaje mwilini?

Mama hajambo. Ameniuliza tena utakuja lini. Nilimwambia nitakuuliza, na sasa nimekuuliza.

Dada yako,
Maswali

*

15 Februari

Dada Maswali,

Nimecheka nikamaliza.

Ndege yenye bawa juu, mwili unaning'inia chini yake kama ndoo kwenye mpini. Ukiiyumbisha inatulia yenyewe. Yenye bawa chini ni sinia uliyoibeba kwenye vidole. Ukiilaza upande, inabaki imelala mpaka wewe uinyanyue. Sio ukorofi, ni utii. Inafanya ulichosema, hata kama ulichosema ni upumbavu.

Ndege ya vita achana nayo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mabawa yake ni membamba na mwili ni mzito, ukipunguza mwendo tu inadondosha bega moja bila kupiga hodi. Watu wanainunua kwa macho, halafu wanarudi nayo nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki.

Chukua ile ya machungwa. Bawa nene linakuvumilia ukienda polepole. Angalia magurudumu yawe makubwa, maana uwanja wenu una nyasi. Angalia pia kama vipuri vyake vinapatikana dukani hapo hapo, kwa sababu utaivunja.

Lakini kabla ya kununua chochote jipime. Panda juu na hiyo uliyonayo, kimo cha nguzo tatu za umeme, kisha zima kile kifaa. Iendeshe ikienda mbali nawe, halafu igeuze ije kwako uso kwa uso. Hapo ndipo akili za watu zinapoishia, kwa sababu ikija kwako kushoto kwake ni kulia kwako. Ukiweza hilo mara kumi bila moyo kupanda kooni, umeiva.

Mama mwambie kazi ni nyingi.

Randa

*

3 Machi

Randa,

Nimejipima, na yaliyotokea hata mwenyekiti hajawahi kuyaona.

Nilizima kifaa. Nikaigeuza ndege ije kwangu, watu wote wameshika pumzi, na ikaja kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mara ya pili, mara ya tano, mara ya kumi, sawasawa. Wakapiga makofi. Basi nikaiacha inipite iende zake, jambo ambalo hata mgeni wa siku moja analiweza, nikapinda kulia huku nikitaka kushoto, na ikakosa uzio kwa kimo cha kiti.

Ikija, mimi ni malaika. Ikienda, mimi ni kipofu. Nilikaa chini kufikiri, na jibu likaja nikiwa kazini Jumatatu. Nina miaka thelathini na moja natazama picha za vifua. Mgonjwa kwenye picha ananitazama mimi, moyo wake wa kushoto uko upande wangu wa kulia. Mkono wangu umezoea kwamba kila kitu duniani kimenigeukia uso. Kile kifaa kilikuwa kinanifichia ugonjwa huu miezi minane yote. Je, kuna dawa?

Pia, ile ya machungwa imeuzwa. Jana nilimkuta muuzaji ameiweka ya vita katikati ya dirisha. Akaniambia, "Mama, hii inakungoja wewe." Nimeshaenda kuishika bawa mara tatu, kama bibi harusi anayepima gauni asilolinunua.

Swali langu la mwisho hukulijibu. Ulisikiaje mwilini, siku ile ya kwanza na ndege ya pili?

Maswali

*

12 Machi

Dada,

Barua yako nimewasomea mafundi wangu wawili, na mmoja amelazimika kuzima msumeno ili acheke vizuri.

Dawa ipo. Ndege ikienda mbali, geuza mabega yako yaelekee inakoelekea, na ujione umekaa ndani yake. Usiitazame kama mtu aliye mbele yako. Wewe ndiwe uliye ndani.

Huyo muuzaji mkimbie. Badala yake nina shauri. Mimi ninayo ndege ya pili. Unaijua, ile nyekundu. Bawa chini, nene, pana, mkia mrefu. Niliichora kwa ajili ya mtu anayetoka kwenye ndege ya kujifunzia, yaani mimi wa wakati ule. Iko ukutani hapa karakanani, juu ya rafu ya gundi, inakula vumbi. Miezi kumi na minne niliijenga, na haijaruka hata hatua moja. Nakutumia kwa basi ndani ya sanduku la mbao.

Ukiipata, toa injini ya mafuta, weka mota ya betri. Kagua bawaba zote. Kisha ipime uzito. Ishike kwa ncha ya kidole puani na kingine mkiani, mtu akusaidie, uone kama bawa moja linashuka. Halitashuka. Niliipima mpaka tofauti ya ukucha.

Usinishukuru. Utanipunguzia kitu cha kufuta vumbi.

Randa

*

29 Machi

Randa,

Sanduku limefika. Nimelifungua sebuleni.

Nilikuwa nimesahau ni nzuri kiasi gani. Na sikuwa nimesahau siku yenyewe, hata kama wewe unairuka kila tukiikaribia. Chakula cha mchana, ndugu wamejaa mpaka barazani, wewe una miaka kumi na tisa umeileta ndege mezani waione kabla hujaenda kuirusha kesho yake. Na Baba, na vidole vyake vya fundi viatu vyenye rangi nyeusi ya dawa, akaitazama akasema, "Hilo dude likiruka, nipikieni soli niile." Nyumba nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, na hilo sijawahi kukuomba msamaha. Naomba sasa.

Ukaitundika ukutani, na siku kumi na moja baadaye ukaondoka. Toka hapo unakuja kwa misiba tu. Asubuhi umefika, jioni umepanda basi. Hata Baba ulikuja kumzika hivyo hivyo, ukaichukua ndege yako ukutani ukaenda. Ndiyo maana Mama anauliza. Haulizi kuhusu kazi.

Haya, nimesema, turudi kwenye uzito. Nimeishika kama ulivyoelekeza, mimi puani, mwenyekiti mkiani. Bawa la kushoto linashuka. Tukabadilishana, linashuka. Mara sita, na kila mara ni la kushoto, na si kidogo.

Ulisema tofauti ya ukucha. Je, mbao zinaweza kunywa unyevu upande mmoja? Uliongeza kitu baadaye? Na kwa nini chini ya bawa hilo la kushoto, karibu na mwili, kuna sehemu ya ukubwa wa viganja viwili ambayo wekundu wake unang'aa kuliko kwingine? Niikwangue nione?

Maswali

*

7 Aprili

Dada,

Haiwezekani. Kila ubavu wa bawa hilo niliupima kwenye mizani ya sonara, na alichoka na mimi mpaka akanikataza kuingia dukani kwake. Mbao hazinywi maji upande mmoja. Sijaongeza kitu. Pengine kidole chako kimepinda.

USIKWANGUE. Ukikwangua utararua kitambaa kilichovishwa bawa, na hakiuzwi tena.

Kama huniamini, si una mashine ya kuonea matumbo ya watu? Ipige picha.

Kuhusu siku ile, dada, msamaha wako nimeupokea. Wewe ulicheka tu. Aliyesema ni yeye, na hakuwahi kusema neno lingine juu yake, si kwa barua, si kwa mtu, mpaka anaingia kaburini. Mama mwambie nitakuja, siku moja.

Randa

*

16 Aprili

Mdogo wangu,

Ulisema kwa kejeli nami nimetenda kwa dhati. Mashine yetu ilikuwa imetoka kwenye matengenezo, na kabla ya kulaza mgonjwa ni lazima tuijaribu kwa kitu. Daktari akaniuliza, "Leo tunajaribu kwa nini?" Nikamwonyesha bawa. Akachukua kalamu, akasema, "Jina la mgonjwa?"

Nililiweka mezani. Kwa mazoea nikaliambia, "Vuta pumzi, usipumue."

Mbao nyepesi karibu hazionekani kabisa kwenye eksirei. Mbavu zako zilitoka kama mifupa ya dagaa, zimepangana vizuri mpaka daktari akauliza nani kazifanya. Nikasema mdogo wangu. Nilijivuna kidogo. Halafu tukafika kushoto.

Mhimili mkuu wa bawa la kushoto una mstari wa mshazari. Umevunjika, Randa. Umevunjika ukaungwa, ukawekewa kipande cha pili ubavuni kama tunavyomfunga mtu gango. Na kando ya gango, mistari miwili, kuna vitone vyeupe tisa vinavyowaka. Misumari. Mifupi, vichwa vipana. Daktari akasema, "Mgonjwa huyu alianguka. Na aliyemtibu hakuwa na haraka."

Wewe hutumii misumari. Ulinifundisha mwenyewe kwamba msumari kwenye ndege ni uzito wa bure na mbao inapasuka. Hii haijapasua. Kila mmoja umetobolewa njia kwanza. Na mimi misumari hiyo naijua, nilikuwa naikoroga kwenye mkebe nikiwa mdogo, na nilimwona mwenye nayo akiishika midomoni mingi kwa pamoja huku anazungumza na wateja. Ni misumari ya soli.

Baba ndiye aliyeliunga bawa hili. Ulijua?

Kama hukujua, basi twende taratibu. Lilivunjika vipi? Nilidhani lilianguka ukutani. Lakini nimefungua pua ili nitoe injini, na katikati ya mapezi ya kuipozea kuna nyasi kavu, zimeshindiliwa. Panga moja la feni ya mbele limemeguka ukingoni. Sebuleni kwetu hapakuwahi kuota nyasi.

Nakutumia nakala ya picha. Mama bado sijamwuliza. Nimwulize?

Maswali

*

24 Aprili

Dada,

Sikujua.

Picha nimeibandika kwenye kioo cha dirisha. Mafundi wameniuliza nani anaumwa nyumbani.

Miaka yote hii bawa hilo lilikuwa juu ya kichwa changu. Mimi ni mtu ambaye mteja akileta meza iliyoungwa najua ilipoungwa kabla hajaishusha. Kinyozi hajinyoi. Nilivyoitoa ukutani kule nyumbani, tumbo limegeukia ukuta, ndivyo nilivyoitundika huku. Sikuitazama. Sikutaka kuitazama.

Nimeiangalia kazi yake. Gango limechongwa kufuata mshipa wa mbao. Aliyetengeneza hivyo alijaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa, tena vingi.

Usimwulize Mama. Mzee wa watu, tutamsumbua.

Mwulize.

Randa

*

2 Mei

Mwanangu,

Dada yako amekuja na picha akaiinua dirishani kama daktari, nami nikajua kunyamaza kwangu kumefika mwisho. Alitaka aniandikie. Nimekataa, angeniongezea maswali. Naandika mwenyewe kwa penseli, ukiona herufi zimelala ujue ni macho.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu uondoke. Baba yako alifunga duka siku ya kazi. Mtu aliyekuwa anashona viatu hata akiwa na homa, amejifunika shuka begani. Akaingia sebuleni, akaitoa ndege ukutani, akaniambia, "Njoo unishikie mkia."

Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema njoo.

Kitabu chako cha maelekezo alikuwa amekisoma mpaka kurasa zimelegea. Na kuna jambo hulijui. Ile miaka miwili uliyokuwa unarusha ndege yako ya kwanza, alikuwa anapeleka viatu vya wateja kwa kupita njia ya nyuma ya uwanja. Alisema ni ya mkato. Njia ile ni ndefu, mwanangu, inazunguka mpaka kisimani. Alikuwa anasimama huko na mfuko wake anakutazama.

Tulifika uwanjani hakuna mtu. Injini ikamkata kidole, akakifunga kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Mimi nilishika mkia, inanguruma, nywele zangu zote zimesimama. Akasema achia.

Mwanangu, iliruka.

Ilikimbia kwenye nyasi kidogo, halafu haikuwa tena kwenye nyasi. Ilizunguka uwanja mzima mara mbili. Na Baba yako akapiga kelele. Mwanamume yule sikuwahi kumsikia akipiga kelele ya furaha, hata siku uliyozaliwa wewe, unisamehe, siku hiyo alikohoa tu. Alikuwa anaruka ruka na rimoti mkononi, ananiambia, "Tazama! Tazama inavyotii!"

Kisha ikabidi airudishe. Ilipokuwa inakuja kwetu alipinda akidhani anaipeleka kushoto, ikaenda kulia. Dada yako amenieleza kwa nini watu hukosea hapo. Bawa likagonga chini, vumbi na nyasi.

Alichuchumaa akalishika bawa. Mimi nilidhani anahofia hasara. Akasema, "Nimemtukana fundi."

Hakusema mtoto, alisema fundi. Unamjua Baba yako. Hata mzee aliyemfundisha kushona alimwita "yule mshonaji." Neno hilo hakuwa analitoa ovyo.

Tulipofika nyumbani alikata kipande cha soli kama ukucha wa kidole gumba, akakitafuna, akakitema, akasema mtu hutimiza neno lake. Nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki.

Wiki tatu alikuwa anaitengeneza baada ya kazi. Gundi yako ilikuwa imekauka, akatumia alichonacho. Nikamwambia basi mwandikie mtoto. Akasema, "Maneno niliyasema mbele ya watu, nitayafuta mbele ya watu." Akanikataza nisiseme, kwamba ni lake yeye. Akawa anakungoja. Ulipokuja kumzika shangazi yako alivaa koti akatoka kukutafuta, akaambiwa umeshapanda basi. Akarudi akalivua. Mwaka mwingine hivyo hivyo. Ulipokuja tena, ulikuja kumzika yeye.

Na mimi nikanyamaza. Kwanza kwa sababu niliapa. Baadaye kwa sababu kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu kueleza ule uliotangulia. Nilidhani nafunika aibu ya mume wangu, kumbe nakunyima baba yako. Ni kosa langu mimi, si la mwingine. Naomba unisamehe, na kama huwezi, njoo unigombeze. Kwa mdomo, si kwa barua. Masikio bado mazima.

Mama yako

*

9 Mei

Dada,

Siku mbili sijashika randa. Nimelia, wala sioni haya kukuandikia. Mafundi wangu walijifanya wanapiga msasa mlango ambao walishaumaliza juzi.

Nina hasira pia. Nina hasira naye, na kiburi chake cha kungoja hadhara. Alivaa koti akalivua, mara ngapi? Angenikuta stendi asiseme neno, angeshika tu begi langu, ningeelewa. Halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa napanda lile basi. Saa moja zaidi ningekaa, saa moja tu. Sijui hasira hii nimpe nani, kwa hiyo nagawa.

Mama nimemsamehe kabla sijafika chini ya ukurasa. Mwambie leo, usingoje nifike.

Sasa kazi. Ile nyekundu usiirushe, na misumari usiitoe. Bawa la kulia nitaliongezea uzito mwenyewe, kwa mkono wangu, mpaka yalingane. Wewe nunua ndege ya povu, bawa chini, nene. Mwambie muuzaji akuagizie nyingine ya machungwa, na kama anakuonyesha ya vita, mwonyeshe mgongo.

Na kuna hili, ambalo nimelikwepa tangu Februari. Sijawahi kurusha ndege ya pili. Tangu chakula kile cha mchana sijagusa rimoti. Sinia, ndoo, mabega, yote niliyokufundisha nayajua kwa kuchora na kusoma. Baba ameirusha ndege yangu, Mama ameshika mkia wake, na mimi niliyeijenga sijui inavyovuta mkononi. Ukinifundisha nitajifunza, kuanzia na hiyo yako ya bawa juu, na kifaa kikiwa kimewashwa. Kucheka ruksa.

Nakuja Ijumaa. Tiketi ni ya kuja tu, ya kurudi sijakata.

Nina ombi moja kwa Mama, nalo ni zito kidogo kwa umri wake, kwa hiyo mwulize taratibu. Aite watu. Wale waliokuwepo siku ile, waliobaki, hata wawili, hata yule binamu wa pembeni aliyecheka kuliko wote. Wakae barazani. Sitaki sherehe wala hotuba, na wasiulizwe walicheka kwa nini. Nataka Mama asimame mbele yao aseme lile neno la fundi alilolisema Baba pale uwanjani, kama alivyolisema, bila kuongeza.

Aseme mara moja tu. Itanitosha.

Mdogo wako,
Randa